Kapiteni ya Ziwa Albert: majira yake, vyombo vyake na shida za wavuvi wa Mahagi

Kabla jua halijatoka upande wa Uganda, mitumbwi inaanza kurudi kwenye ufuko wa Mahagi-Port. Wamama wako tayari na mabeseni, wengine na mizani ya mkono. Kitu cha kwanza wanachouliza si idadi ya samaki, ni aina: kapiteni iko? Kama iko, bei inapanda na siku imepona. Kama haiko, watu wanarudi na angara, tilapia ao samaki ndogo za kuanika, na mwenye mutumbwi anahesabu mafuta aliyochoma usiku mzima.

Ukurasa huu unaeleza samaki hiyo ni nini, majira yake yanaenda namna gani, inavuliwa na vyombo gani, na juu ya nini uvuvi wake umekuwa swali la maisha kwa familia nyingi za teritwari ya Mahagi.

Kapiteni ni samaki gani?

Kwa wanasayansi jina lake ni Lates niloticus, maana yake Lates ya mto Nil. Kongo inaitwa kapiteni, Uganda wanasema mputa, Kenya mbuta, Tanzania sangara. Ni samaki moja tu. Inaweza kufika urefu wa karibu mita mbili na kilo 200, ingawa zenye kimo hicho zimekuwa nadra. Ile kubwa zaidi iliyoandikwa kwenye rekodi ya dunia ya wavuvi wa fimbo ilikuwa na kilo 104, ikavuliwa mwaka 2000 katika Ziwa Nasser, inchi ya Misri, kwenye maji hayohayo ya Nil yanayopita hapa.

Kapiteni inakula samaki wenzake, kamba wadogo wa maji, na hata watoto wake mwenyewe. Macho yake yanawaka usiku ukiyapigia taa, na inawinda sana jioni na usiku. Inahitaji maji yenye hewa nyingi. Njo maana haikai kwenye maji mazito ya ndani ya matete kama kambale, lakini watoto wake wanapenda pembeni, fasi maji ni mafupi na majani ni mengi.

Katika Ziwa Albert kuna kapiteni za namna mbili. Ya kwanza ni hiyo kubwa. Ya pili ni Lates macrophthalmus, jina lenye maana ya «macho makubwa». Hiyo haikui sana, inakaa ndani, fasi ya kilindi, na haipatikani ziwa lingine duniani. Sokoni watu wanachanganya mara nyingi: mtu anaona kapiteni ndogo na kusema ni mtoto, kumbe inaweza kuwa mzee wa ile aina ndogo. Lakini zile zinazokamatwa karibu na ufuko, kwenye majani, mara nyingi ni watoto kweli wa ile kubwa.

Jambo lingine watu wengi hawajui: hapa kapiteni ni mwenyeji. Haikuletwa na mtu. Ni toka Ziwa Albert njo ilichukuliwa, miaka ya 1950, kupelekwa Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria. Baadaye nyingine zilitoka Ziwa Turkana. Kule Victoria, miaka ya 1980, ilizaana sana, ikala aina nyingi za samaki ndogo mpaka nyingine zikapotea, na viwanda vya kupeleka minofu Ulaya vikafunguliwa. Kwa hiyo samaki iliyojaza viwanda vya Mwanza, Kisumu na Jinja, ukoo wake mmoja ni wa ziwa hili.

Watu wengine wanaifananisha na black bass, samaki ya Marekani yenye kinywa kikubwa ambayo wazungu wanapenda kuvua kwa fimbo mitoni na maziwani. Hiyo haiko Mahagi. Karibu na hapa iko Kenya: ililetwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya mchezo wa uvuvi. Tabia zinafanana kidogo, zote zinavizia na kumeza samaki ndogo, lakini kapiteni inaizidi kwa kimo mara nyingi sana.

Ziwa lenyewe

Ziwa Albert lina urefu wa karibu kilomita 160 na upana wa karibu 35. Mpaka wa Kongo na Uganda unapita katikati. Kilindi chake si kikubwa: fasi ya chini kabisa haifiki mita 60. Waalur wanaliita Onekbonyo, Wanyoro Mwitanzige. Majina yote mawili yana maana ya «muua nzige». Mzungu Samuel Baker alilipa jina la Albert mwaka 1864. Wakati wa Zaire liliitwa Ziwa Mobutu Sese Seko.

Maji yanaingia kusini kwa mto Semliki, unaotoka Ziwa Edouard. Kaskazini yanaingia kwa Nil ya Victoria, ile inayoanguka kwenye maporomoko ya Murchison. Tena hapohapo kaskazini, si mbali, yanatoka kwa Nil ya Albert kuelekea Pakwach, kisha Sudani Kusini. Mahagi-Port iko pembe hiyo ya kaskazini. Toka Mahagi centre mpaka ziwani mtu anashuka karibu mita 1,000: juu ni baridi, viazi na maharagwe; chini ni joto, mchanga na nyavu.

Hii pembe ya kaskazini ni tajiri juu ya mdomo wa mto. Maji ya Nil yanaleta hewa na chakula, samaki ndogo zinajikusanya, na kapiteni inazifuata. Shida ni kwamba mdomo huo uko Uganda. Mvuvi wa Mahagi anayeona samaki zikihama anaweza kujikuta amezifuata mpaka ng'ambo.

Majira: mvua, upepo na mwezi

Kapiteni inavuliwa mwaka mzima. Lakini mvuvi mwenye uzoefu hasemi siku zote ni sawa. Anaangalia mambo matatu.

La kwanza ni mvua. Mahagi, mvua inaanza mwezi wa tatu ao wa nne, inapungua kidogo katikati ya mwaka, inarudi na nguvu toka mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja. Kiangazi kikali ni mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili. Mito inapojaa, maji machafu yanaingia ziwani na kuleta chakula. Angara inapanda kwenye midomo ya mito kutaga mayai. Kapiteni inakuja nyuma yake. Ni wakati huo wengi wanaweka ndoano na nyavu karibu na ufuko na midomo ya mito. Kapiteni yenyewe inataga karibu mwaka mzima, lakini zaidi wakati wa mvua. Kwa hiyo majira ya kupata mingi na majira ya kuzaa yanakutana, na hapo njo mzizi wa shida iko.

Wakati wa kiangazi maji yanasafika. Kapiteni kubwa zinakaa ndani zaidi, na mvuvi anapaswa kwenda mbali: mafuta mengi, hatari nyingi. Chini ya maporomoko ya Murchison, upande wa Uganda, ni kinyume. Wageni wanaovua kwa fimbo wanapenda wakati maji yamepungua na kusafika, juu kapiteni inaona chambo vizuri.

La pili ni upepo. Ziwa liko katikati ya milima ya Kongo na ya Uganda, sawa vile maji ndani ya mufereji. Dhoruba inaweza kushuka kwa muda mfupi sana, zaidi alasiri na usiku wakati mvua inajikusanya. Siku za upepo mitumbwi inabaki nchi kavu, na bei mu soko inapanda hata kama samaki ziko mingi ndani ya maji.

La tatu ni mwezi. Wale wanaovua samaki ndogo kwa taa wanataka usiku wa giza. Mwezi ukiwa mzima, taa haivuti kitu, na wengi wanapumzika ao wanashona nyavu. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo pesa haiingii nyumbani, na familia zinapaswa kujipanga mbele.

Vyombo vya kuvua

Kwa kapiteni vyombo vikubwa ni viwili: wavu wa kutega na kamba ya ndoano.

Wavu wa kutega unawekwa jioni na kutolewa asubuhi. Wavuvi wanapima matundu yake kwa inchi. Uganda imeweka inchi 5 kama kipimo cha chini cha nyavu za kapiteni na tilapia. Wale wanaotafuta kapiteni kubwa wanatumia inchi 6, 7 ao zaidi. Wavu wa nyuzi zilizosokotwa unakaa muda mrefu na unaweza kushonwa. Wavu wa uzi mmoja wa plastiki ni rahisi kwa bei, lakini unachanika upesi, na ukipotea ndani ya maji unaendelea kukamata samaki ambazo hakuna mtu atakula.

Kamba ya ndoano ni kamba ndefu yenye ndoano nyingi zinazoning'inia, kila moja na chambo cha samaki ndogo, vizuri zaidi ikiwa ingali hai. Inakamata kapiteni kubwa bila kugusa watoto, ikiwa ndoano ni kubwa. Kazi yake ni ngumu: kutafuta chambo, kukitunza, kuvalisha ndoano moja moja. Mara nyingi watoto wa mvuvi njo wanatumwa kutafuta chambo, na hapo masomo yanateseka.

Kisha kuna senne ya kuvuta toka ufuko. Watu wanashika kamba mbili na kuvuta mpaka nchi kavu. Inaleta kila kitu: kapiteni ya kidole kimoja, tilapia ya mayai, majani, na viota vya samaki. Pande zote mbili za ziwa inahesabiwa kuwa uvuvi mbaya, lakini inaonekana bado, juu haiombi motere wala mafuta.

Samaki kubwa zinapungua, ndogo zinaongezeka

Wazee wa ufuko wanasimulia kapiteni zilizobebwa na watu wawili kwa mti begani. Siku hizi nyingi zinaingia ndani ya beseni. Wataalamu wa Uganda waliofuatilia ziwa wameona jambo hilohilo: toka miaka ya 2000, sehemu kubwa ya samaki zinazotolewa si tena kapiteni, tilapia wala angara, bali samaki ndogo mbili, muziri na ragogi, zinazovuliwa usiku kwa taa.

Samaki ndogo si mbaya zenyewe. Zinakauka upesi kwenye jua, hazina haja ya barafu, na mama mwenye pesa kidogo anaweza kununua kopo na kulisha watoto. Lakini mambo mawili yanaleta wasiwasi. Kwanza, ndogo hizo ni chakula cha kapiteni. Pili, wavu wenye matundu ya chandarua hauchagui: pamoja na muziri unatoa watoto wa kapiteni.

Na kapiteni haikomai upesi. Dume linakomaa mapema, jike linachelewa, likiwa kubwa zaidi. Sheria ya Uganda inakataza kapiteni iliyo chini ya sentimeta 50 na tilapia iliyo chini ya 28. Lakini hata kwenye sentimeta 50, majike mengi hayajataga hata mara moja. Jike moja kubwa linataga mayai kwa mamilioni. Kwa hiyo kukamata jike moja zee ao watoto mia ni hasara ya namna mbili, na siku hizi zote mbili zinafanyika pamoja.

Upande wa Kongo, sheria iliyotajwa kwa miaka mingi ni dekreti ya tarehe 21 aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi, iliyoandikwa wakati wa Wabelgiji, kabla ya nyavu za nailoni na motere za nje. Mvuvi wa Mahagi na mvuvi wa Panyimur wanavua samaki moja ndani ya maji mamoja, lakini kila mmoja na kitabu chake.

Toka ufuko mpaka sahani

Kapiteni mbichi inaharibika upesi kwa joto la ziwani. Barafu ni kidogo, umeme ni shida. Ile isiyouzwa asubuhi inapasuliwa na kutiwa chumvi, ao inawekwa juu ya moshi. Samaki ya chumvi inapanda Mahagi centre, inaenda Aru, Ariwara, Bunia na mbali zaidi. Mara nyingi malipo ni kwa shilingi ya Uganda, juu kwenye soko za mpakani njo pesa inayozunguka zaidi, pamoja na dola na franka ya Kongo. Shilingi ikipanda ao kushuka, bei ya samaki inatikisika hata kama ziwa halijabadilika.

Siku hizi kibofu cha hewa cha kapiteni kina soko lake peke yake. Kinakaushwa na kupelekwa Asia, zaidi China. Zamani watu walikitupa pamoja na matumbo. Sasa mchuuzi mwerevu anauliza kama samaki inauzwa pamoja na kibofu ao bila. Mama anayeuza bila kujua anapoteza.

Barabara nayo inakula faida. Namba 27, inayounganisha Bunia na Mahagi, inapita Djugu, fasi mashambulizi ya vikundi vya silaha yameua wasafiri na kuchoma magari kwa miaka mingi. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi toka tarehe 6 mei 2021. Gari likikaa siku mbili njiani, samaki mbichi imekwisha. Njo maana wengi wanachagua chumvi na moshi, hata kama mbichi ingelipa zaidi.

Mpaka usioonekana

Juu ya maji hakuna mstari. Usiku, na mkondo, na upepo, mutumbwi unaweza kuvuka bila mvuvi kujua. Kila upande una askari wake. Uganda, toka mwaka 2017, jeshi lilipewa kazi ya kulinda uvuvi, na nyavu ndogo na mitumbwi midogo ilichomwa kwa wingi kwenye maziwa yake. Wavuvi wa Kongo wanaokamatwa wanaweza kupoteza motere, nyavu, hata uhuru wao. Na upande wa nyumbani, wavuvi wanalalamikia trakaseri: karatasi moja inalipiwa zaidi ya mara moja, kwa watu wasiotoa risiti.

Mpaka huu umeshaleta damu. Mwaka 2007, wakati mafuta ya petroli yalikuwa yameanza kugunduliwa chini ya ziwa, kulitokea mapigano ya risasi kusini, karibu na kisiwa cha Rukwanzi. Mwezi wa tisa mwaka huohuo marais Kabila na Museveni walitia sahihi mapatano ya Ngurdoto, Tanzania, kutuliza mambo. Baadaye mradi LEAF, uliosaidiwa na Banki ya Maendeleo ya Afrika, ulijaribu kuweka inchi hizi mbili pamoja juu ya uvuvi wa maziwa Edouard na Albert.

Maji hayana rafiki

Tarehe 22 machi 2014, mashua iliyobeba wakimbizi wa Kongo waliokuwa wanarudi toka Uganda ilizama katika ziwa hili. Serkali ya Kongo ilihesabu watu 251 waliokufa. Mashua ilikuwa imejaa kupita kiasi. Hawakuwa wavuvi, lakini funzo ni lao pia: mzigo mwingi, hakuna jile la kuokoa maisha, na upepo.

Mwaka 2020 maji yenyewe yalipanda. Nyumba, masoko na vyoo vya ufuko vilifunikwa pande zote mbili. Vyoo vikifunikwa, kolera iko karibu. Tena bilharzia ni ugonjwa wa kawaida wa watu wa ziwa hili, juu wanasimama ndani ya maji kila siku. Dawa yake iko, inaitwa praziquantel. Damu mu choo ao tumbo kuvimba si bahati ya ziwa, ni sababu ya kwenda kituo cha afya.

Ziwa lifungwe kwa muda?

Hapa njo swali linalogawanya watu. Mahali pengi duniani uvuvi una majira yaliyofungwa. Kule Ontario, Kanada, uvuvi wa black bass unafungwa wakati samaki inalinda viota vyake, na unafunguliwa mwezi wa sita. Karibu zaidi, mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa toka tarehe 15 mei mpaka 15 agosti, kwa mapatano ya Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia.

Wanaokubali wanasema samaki itapata nafasi ya kuzaa, na mvuvi atapata kubwa baadaye. Wanaopinga wanauliza: mwenye nyumba atalisha watoto na nini kwa miezi mitatu? Wengi wa ufuko hawana shamba, na mashamba ya juu yana wenyewe. Tena, Kongo ikifunga peke yake, samaki itavuliwa Uganda. Kufunga bila ng'ambo kufunga ni kumwachia jirani sahani.

Kati ya hizo mbili kuna njia ambazo hazingoji Kinshasa wala Kampala: kuacha senne kwenye majani fasi watoto wanakulia, kukubaliana juu ya matundu ya wavu, kutovua kwenye midomo ya mito wakati angara na kapiteni zinataga, na wachuuzi kukataa kununua kapiteni ya kiganja. Hiyo ya mwisho ina nguvu zaidi ya sheria. Samaki isiyo na mnunuzi haivuliwi mara ya pili.

Kwa mtu anayeingia kazi hii

Mwenye kuanza uvuvi wa kapiteni akumbuke haya: jile kwa kila mtu ndani ya mutumbwi, kuangalia mawingu ya milimani kabla ya kusukuma, karatasi za mutumbwi ndani ya plastiki, na risiti kwa kila pesa inayotolewa, simu kwa mtu wa nchi kavu kumwambia fasi wanaenda na saa ya kurudi, wavu wa matundu makubwa hata kama siku ya kwanza unaleta kidogo.

Mama wa beseni naye ana lake: kuuliza kibofu, kupima na mizani yake mwenyewe, na kuacha ile ndogo. Kapiteni ya kiganja inaijaza beseni leo. Ikiachwa, ndani ya miaka michache itahitaji tena watu wawili kuibeba.